Mfugo wa Sakafu ya Jiko: Simbilisi wa Gisenyi na Historia ya Malisho Yake

Historia ya ufugaji nchini Rwanda imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya ng'ombe, na haikuwa bila sababu, kwa kuwa ng'ombe alikuwa kipimo cha utajiri, kifungo cha urafiki kati ya koo, na kiini cha ubuhake, yaani makubaliano ambayo kwayo mtu alipewa ng'ombe wa kumtunza na kunufaika naye, naye akawajibika kumtumikia aliyempa, hadi Mwami Mutara III Rudahigwa alipoyafuta mwaka 1954. Uandishi huo umewaacha kando wanyama wadogo waliofugwa na watu wasio na ng'ombe, na ambao hata katika nyumba zenye ng'ombe waliangaliwa na wanawake na watoto. Mmoja wao ni simbilisi, mgugunaji asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na miguu mifupi, ambaye akikomaa katika mazingira ya vijijini kwa kawaida hafiki kilo moja. Wanyarwanda humwita indendezi, na wasemaji wa Kiswahili cha Kivu humwita dende.

Makala haya yanamfuatilia mnyama huyo katika Gisenyi, mji ulio kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Kivu, katika kimo cha karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 ni makao makuu ya wilaya ya Rubavu. Mji huo umegusana na Goma ya Kongo kiasi kwamba nyumba za pande mbili zinatenganishwa na barabara tu mahali pengine, na kwa hiyo historia ya mifugo yake haiwezi kuelezwa kwa kuishia kwenye mpaka. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba simbilisi alikita mizizi katika eneo hili kwa sababu ya mabadiliko ya malisho, wala si kwa sababu ya sera au mradi wowote wa kumwendeleza: kilimo kilipoanza kuzalisha mabaki mengi karibu na nyumba, alipatikana mnyama wa kuyala, na kila mara mabaki hayo yalipopungua au kubadilika, idadi ya wanyama nayo ilibadilika.

Simbilisi si mnyama wa asili ya Afrika. Alifugwa kwanza katika nyanda za juu za Andes, ambazo leo zimegawanyika kati ya Peru, Bolivia na nchi jirani, zaidi ya miaka 5000 iliyopita, na huko alikaa jikoni, karibu na moto, akila maganda na nyasi za kukatwa, akachinjwa siku za sherehe. Uzito wa nafasi yake unaonekana katika kanisa kuu la Cusco, ambamo mchoro wa Karamu ya Mwisho unaohusishwa na Marcos Zapata, mchoraji wa karne ya 18, unamweka mnyama huyo kwenye sahani mbele ya Kristo na mitume. Wahispania walimvusha bahari katika karne ya 16, na kufikia mwaka 1554 Conrad Gessner, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Uswisi, alikuwa amekwisha kumweleza katika maandishi yake. Ulaya haikumpokea kama kitoweo. Ilimfanya mnyama wa kuchezewa na watoto, kisha mnyama wa maabara: Antoine Lavoisier alimtumia katika miaka ya 1780 kupima joto linalotolewa na kiumbe anayepumua, na Robert Koch alimtumia katika utafiti wake wa kifua kikuu uliotangazwa mwaka 1882. Ndiyo kusema kwamba Wazungu walipoanza kuingia katika eneo la Maziwa Makuu, kwao simbilisi hakuwa tena mnyama wa chunguni, na waliomrudisha chunguni ni watu wa Kivu wenyewe, ambao hawakuwa wamesikia habari za Andes.

Milango aliyoweza kupitia inajulikana. Gustav Adolf von Götzen, mpelelezi Mjerumani, alifika Ziwa Kivu mwaka 1894. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyundo, si mbali na Gisenyi, mwaka 1901. Wajerumani wakaweka kituo cha kijeshi kando ya ziwa. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ukachora mpaka kati ya Rwanda ya Wajerumani na Kongo ya Wabelgiji. Na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji wakavuka na kuuteka mji. Wataalamu wa mifugo midogo kwa kawaida huwataja wamisionari, maofisa na walowezi kuwa ndio waliomwingiza simbilisi Afrika ya Kati, na rai hiyo ina mantiki, maana ni mnyama anayesafiri kikapuni, asiyehitaji machungo, na ambaye jike mmoja mwenye mimba pamoja na dume wanatosha kuanzisha kundi. Hata hivyo swali la aliyemleta lina faida ndogo kuliko swali la aliyempokea na kumweka, kwa sababu mifugo mingi na mazao mengi yaliyoletwa na wakoloni yalikufa ndani ya ua wa misheni bila kuvuka lango.

Kilichomwezesha kuvuka lango ni mabadiliko ya ardhi na chakula kati ya vita viwili vya dunia. Mwaka 1925 serikali ya Ubelgiji iliunda Hifadhi ya Albert katika ukanda wa volkano, na miaka michache baadaye ikaipanua, na kwa hatua hiyo misitu ambayo wakazi wa miteremko walikuwa wakiwinda humo ikawa marufuku kwao kisheria. Kisha ikaja njaa ya Rwakayihura ya miaka ya 1928 na 1929, ambayo iliua watu wengi na kuwafukuza wengine hadi Uganda na Kongo, nayo serikali ikaitikia kwa kulazimisha kila familia kulima mazao yasiyotegemea msimu mmoja, hasa mihogo na viazi vitamu. Kiazi kitamu hakikuwa kigeni, ila amri hiyo ilikifanya kiwe karibu na kila mlango. Shamba la viazi vitamu hutoa mizizi kwa muda maalumu, lakini mashina yake yatambaayo, pamoja na majani, hupatikana kwa miezi mingi, na huchipua tena yakikatwa kwa kiasi. Ng'ombe mmoja angemaliza shamba dogo kwa siku chache. Simbilisi kumi hutosheka na mafungu mawili matatu kwa siku. Njaa ya pili kubwa, Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, ilithibitisha thamani ya zao hilo, na pamoja nalo thamani ya mnyama anayeweza kuishi kwa matawi yake.

Jambo la tatu ni uhamisho wa watu. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Ubelgiji iliendesha mpango wa kuhamisha familia za Wanyarwanda kwenda Gishari na Masisi, ng'ambo ya mpaka, ili wapate ardhi na ili mashamba ya walowezi yapate wafanyakazi. Familia hizo hazikukata uhusiano na ndugu waliobaki; ziliendelea kutembeleana, kuoana na kupeana vitu, na mnyama mdogo wa kupewa mtoto kama zawadi ni miongoni mwa vitu vilivyofaa kabisa kwa safari za aina hiyo. Kwa hiyo bonde lote la Kivu, kutoka Rutshuru hadi Bukavu, linapaswa kutazamwa kama eneo moja la ufugaji huu, lenye desturi zinazofanana, na Gisenyi ikiwa mojawapo ya malango yake.

Desturi hizo zinahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna maarifa ambayo vitabu vya mifugo vya enzi za ukoloni havikuyagusa. Makazi ya kawaida ya simbilisi yalikuwa sakafu ya jiko, nyumba ndogo iliyojengwa kando ya nyumba kubwa, ambamo moto wa kuni uliwaka asubuhi na jioni. Wanyama waliachwa huru, wakajificha nyuma ya rundo la kuni, chini ya kitanda au ndani ya chungu kilichovunjika, wakatoka waliposikia nyasi zikiburutwa. Sauti yao ya kupiga mluzi, ambayo huitoa wanapotarajia chakula, ilikuwa saa ya nyumba: watoto waliorudi na majani walisikika kabla hawajaingia. Moto uliwalinda na unyevunyevu wa usiku wa ziwani na ubaridi unaoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa simbilisi hustahimili ubaridi wa wastani lakini huugua upesi mapafu akilala penye maji au penye upepo wa moja kwa moja. Joto kali nalo humuua, hasa jike mwenye mimba, na ndiyo sababu mnyama huyu anastawi zaidi Kivu na katika nyanda za Iringa nchini Tanzania, ambako pia hufugwa na wanavijiji, kuliko katika joto la pwani.

Jiko lilikuwa na hasara zake. Moshi, majivu ya moto na miguu ya watu iliua watoto wengi; paka na panya waliwala wachanga; na siafu walipopita usiku waliweza kumaliza kundi zima, jambo lililozuiwa kwa kumwaga majivu kuzunguka kizingiti. Hasara kubwa zaidi haikuonekana kwa macho. Wanyama walioachwa pamoja, dume na jike, mzazi na mtoto, walipandana bila mpangilio, na baada ya vizazi vichache watoto walizaliwa wadogo, wachache na dhaifu. Wafugaji wazoefu walilitambua tatizo hilo kwa matokeo yake, na dawa yao ilikuwa kubadilishana madume na nyumba ya mbali, kwa kawaida nyumba ya mjomba au shangazi, si ya jirani wa ua, kwa sababu dume la jirani aghalabu lilikuwa limetoka katika kundi lile lile.

Chakula chenyewe kilikuwa kazi ya watoto. Baada ya shule au baada ya kuchota maji, mtoto alikata nyasi kando ya njia, magugu ya shambani kama kongwe na kishona nguo, majani ya matete, mapindi ya viazi vitamu, na majani ya maharage baada ya mavuno. Jikoni yaliongezwa maganda ya ndizi na ya viazi vitamu. Simbilisi mkubwa hula majani mabichi yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake kwa siku, kiasi kidogo kinachoshikika kwa konzi za mtoto, na kwa sababu majani hayo yana maji mengi, mnyama aweza kukaa msimu wote wa mvua bila kunyweshwa. Wafugaji walikuwa na kanuni moja iliyorudiwa kila nyumba: majani yaliyokatwa yakiwa na umande au mvua hayapewi siku hiyo hiyo, bali hutandazwa kivulini hadi yanyauke. Sababu yake ni ya tumbo. Mnyama huyu husaga nyasi katika sehemu ya utumbo mpana inayofanya kazi kama pipa la kuchachushia, na majani machanga yaliyolowa, au yaliyorundikwa hadi yakapata joto, huchachuka kupita kiasi, tumbo likavimba, akaharisha na kufa katika saa chache. Kanuni nyingine ilihusu majani ya viazi mviringo, zao linalotawala miteremko ya Bugeshi na Busasamana kaskazini mwa wilaya: majani hayo yana sumu, na mtoto aliyeyaleta aliambiwa ayatupe.

Tendo moja la mnyama huyu liliwashangaza wageni kuliko wenyeji, nalo ni kula kinyesi chake mwenyewe. Simbilisi hutoa choo cha aina mbili, kimoja kikavu na kingine laini, naye huinama na kula kile laini moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu kina vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni ambazo hakuwahi kuzifyonza mara ya kwanza. Choo kikavu ndicho kilichofagiliwa kila asubuhi na kumwagwa kwenye migomba na kwenye bustani ya mboga. Katika eneo ambalo udongo wake wa volkano una rutuba lakini mashamba yamegawanywa mpaka yakawa vipande vidogo, samadi hiyo ya jikoni ilikuwa faida ya kila siku, hata pale nyama ilipoliwa mara chache kwa mwaka.

Umuhimu wa majani mabichi ulipata maelezo ya kisayansi mbali kabisa na Kivu. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliokuwa wakitafuta asili ya ugonjwa wa mabaharia, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, nao wakapatwa na kiseyeye, yaani ugonjwa wa kuvuja damu kwenye fizi na viungo unaotokana na ukosefu wa vitamini C. Ilidhihirika kwamba simbilisi, kama binadamu na tofauti na panya, hawezi kujitengenezea vitamini hiyo mwilini, na huhitaji takribani miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na zaidi anapokuwa na mimba. Ugunduzi huo unaeleza kwa nini wafugaji wa mijini waliojaribu kuwalisha pumba za mahindi tu walipoteza makundi yao, ilhali watoto wa kijijini waliokata magugu hawakuwahi kuuona ugonjwa huo. Unaeleza pia ugumu wa impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, ambapo kando za njia hukauka na wakataji hulazimika kushuka mabondeni, kwenye kingo za mto Sebeya au ufukoni mwa ziwa, kutafuta majani yaliyobaki na ukijani.

Uzazi wa simbilisi ni wa polepole kuliko ule wa panya na wa sungura. Panya wa maabara hubeba mimba kwa wiki tatu na sungura kwa siku 31, lakini simbilisi hubeba kwa siku 68 hivi, naye huzaa watoto wawili au watatu kwa kawaida. Ucheleweshaji huo hulipwa na hali ya watoto: huzaliwa wakiwa na manyoya, macho yamefumbuka, meno yapo, na baada ya siku moja au mbili huanza kutafuna majani pamoja na mama yao, ingawa hunyonya kwa wiki mbili hadi tatu. Jike huweza kupandwa tena saa chache baada ya kuzaa. Ikichukuliwa familia yenye dume mmoja na majike manne, kila jike akizaa mara nne kwa mwaka watoto wawili, kundi litatoa watoto 32, na hata nusu yao wakifa bado watabaki 16, ambao ni nyama ya siku kadhaa za sikukuu, zawadi chache na mbegu ya mwaka unaofuata. Hesabu hiyo ina sharti lake. Jike asipopandwa kabla ya kufikisha miezi sita au saba, kiungo cha mbele cha nyonga zake hukakamaa, hakipanuki tena, na uzazi wake wa kwanza mara nyingi humuua. Huenda hii ndiyo sababu desturi ya kuwaacha majike na dume tangu utotoni, iliyolaumiwa na wataalamu kwa kuleta uzazi wa ndugu, haikuwa ya kijinga hata kidogo.

Kuhusu kuliwa kwake, jamii ya Gisenyi haikuwa na msimamo mmoja. Wapo waliompika kama kuku, baada ya kumwunguza manyoya kwa moto au kumtia maji ya moto na kumkwangua. Nyama yake ina protini ya karibu asilimia 20 na mafuta kidogo. Wapo waliomfuga na kumuuza bila kumwonja, kwa kumhesabu katika jamii ya panya. Waadventista wa Sabato, walio wengi kaskazini-magharibi mwa Rwanda na walioanzisha chuo kikuu huko Mudende mwaka 1984, hutofautisha wanyama safi na najisi kwa kufuata sura ya 11 ya Mambo ya Walawi, na kwa kanuni hiyo simbilisi si chakula. Heshima ya ng'ombe nayo ilifanya kazi yake: mtu mzima aliyejiheshimu hakupenda kusikika akizungumzia simbilisi wake, na hivyo mnyama akaachiwa watoto, ambao kwao alikuwa mali ya kwanza waliyoweza kuiita yao, kuiuza na kununulia daftari. Aibu hiyo ya watu wazima ndiyo iliyomweka salama mikononi mwa watoto, maana kitu ambacho baba hakukitamani hakikuuzwa kulipia deni la baba.

Kujengwa kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa mjini mwaka 1957 kuliongeza aina mpya ya mabaki, nayo ni machicha ya shayiri yanayobaki baada ya kupika bia. Machicha hayo yaliwafaa zaidi wenye ng'ombe na nguruwe, walioweza kuyachukua kwa wingi, kwani huchacha haraka na hayamfai mnyama mwenye tumbo jepesi kama simbilisi ila kwa kiasi kidogo sana. Kwa historia hii, basi, kiwanda kikubwa kuliko vyote mjini kilikuwa na athari ndogo kuliko kiazi kitamu.

Miaka ya 1990 ilivunja kila kitu. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, katikati ya Julai mwaka huo, mamia ya maelfu ya watu walipita Gisenyi kuingia Goma katika siku chache. Novemba 1996 mamia ya maelfu walirudi kwa njia hiyo hiyo. Na mwaka 1997 na 1998 kaskazini-magharibi ilikumbwa na mapigano ya waasi. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe waliporwa au kuliwa njiani pande zote mbili za mpaka. Katika mazingira hayo tabia ambazo zilimfanya simbilisi adharauliwe ziligeuka kuwa faida: hana sauti inayosikika mbali, hafungwi nje ya nyumba, askari mwenye njaa hamthamini kama amthaminivyo mbuzi, na mama anayekimbia aweza kumtia katika kikapu pamoja na nguo. Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Tropiki, akiwemo Brigitte Maass, walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika cha Bukavu, walieleza hali hiyo kwa Kivu Kusini katika machapisho ya mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakionyesha jinsi wakulima waliopoteza ng'ombe walivyohamia wanyama wadogo, na mradi ulioratibiwa na maabara ya BecA ya Nairobi ukaunganisha uchunguzi wa simbilisi wa Kongo mashariki na wa Kameruni. Hayo yalikuwa mapokezi ya kitaaluma kwa mnyama ambaye tayari alikuwa amelisha vizazi kadhaa.

Utafiti wa aina hiyo ulileta vizimba vya mbao, vyenye ghorofa na sakafu ya vipande vilivyoachana ili samadi idondoke, pamoja na kanuni ya dume mmoja kwa majike watano hadi kumi na kuwatenga watoto wa kiume mapema. Peru ilitajwa kama kielelezo, kwa kuwa taasisi yake ya La Molina ilikuwa imechagua mbegu tangu miaka ya 1960 hadi ikapata wanyama wanaokaribia kilo mbili. Uamuzi wa busara hapa unataka tahadhari. Simbilisi mkubwa wa Peru alichaguliwa kwa malisho ya alfalfa na nafaka iliyosagwa. Akiletwa kwenye magugu ya kando ya barabara ya Rubavu, hupungua uzito na kuugua kabla ya yule mdogo wa jikoni. Vizimba navyo vilihamisha wanyama kutoka penye moto kwenda penye upepo, na penye wanyama wengi katika nafasi ndogo homa ya matumbo ya salmonela ilimaliza makundi ambayo jikoni yangepoteza wachache tu. Kosa lingine lilitoka katika maduka ya dawa: penisilini, inayomponya mbuzi, humuua simbilisi kwa kuangamiza vijidudu vinavyomsagia chakula.

Mpaka umeendelea kuamua mengi. Kivuko cha Petite Barrière, ambacho kabla ya mwaka 2020 kilipitwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku wakiwa kwa miguu, wengi wao wanawake wenye mizigo ya mboga na wanyama wadogo, ndicho kilichounganisha soko la Goma, ambako nyama ya simbilisi haionewi haya, na wafugaji wa upande wa Rwanda. Mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 uliwaleta wakimbizi wa Goma hadi Gisenyi; ule wa Mei 2021 ulifuatwa na matetemeko yaliyobomoa nyumba mjini Rubavu; na katikati yake, kufungwa kwa mpaka Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19 kulikata mawasiliano ya kawaida kwa muda mrefu. Kila kukatika kwa namna hiyo hukata pia mzunguko wa madume kati ya makundi ya pande mbili, na kwa hiyo huongeza uzazi wa ndugu, madhara ambayo hayaonekani mwaka huo bali baada ya vizazi vitatu vinne.

Mpango wa Girinka, uliozinduliwa mwaka 2006 ili kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, na kampeni ya bustani za jikoni zimebadilisha ua wa Mnyarwanda kwa kiasi kikubwa, na yote mawili yamefungamana na historia iliyoelezwa hapa: nyasi za matete zinazopandwa kwenye matuta kwa ajili ya ng'ombe huishia pia kinywani mwa simbilisi, na mboga za bustani hukua kwa samadi yake. Ila matuta yana mwenyewe na nyasi zake zinauzwa, tofauti na magugu ya kando ya njia ambayo hayakuwa ya mtu, na mtoto wa leo anayetaka kufuga mjini hana pa kukata bure. Hicho ndicho kikwazo kikuu cha ufugaji huu kwa sasa, kuliko mbegu, dawa au soko.

Waliowalisha wanyama hawa kati ya Ruzagayura na uhuru wa mwaka 1962 walikuwa watoto, hawakuandika lolote, na wale walio hai wamezeeka. Wanafunzi wa historia na wa mifugo katika vyuo vya Rwanda na vya Kivu wanapaswa kuwaendea sasa, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, wawaulize majani gani waliyakata, wapi, na dume walilipata kwa nani.